Sikio na Fimbo: Mwalimu kama Mlezi katika Historia ya Mwanza na Mwambao wa Ziwa Victoria

Utangulizi

Kanuni za adhabu ya viboko zilizotungwa chini ya Sheria ya Elimu ya mwaka 1978, yaani zile za mwaka 1979 na zilizozifuata mwaka 2002, ziliagiza kila shule iweke kumbukumbu za adhabu hiyo katika kitabu maalumu. Humo sharti kuandikwa jina la mwanafunzi, kosa lake, idadi ya viboko na jina la aliyevitoa. Kanuni za 2002 zilipunguza viboko visizidi vinne, na zikaacha mamlaka ya kuvitoa mikononi mwa mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua kwa maandishi. Kwa hiyo mtafiti wa historia ya elimu anaweza kuingia katika shule kongwe yoyote, Mwanza, Musoma au Bukoba, akitumaini kukuta ushahidi wa nani alichapwa, lini na kwa nini.

Ushahidi wa upande wa pili ni mgumu kupatikana. Mwalimu yuleyule aliyeandika katika kitabu hicho asubuhi, mchana huenda alikaa chini ya mti na mtoto aliyefiwa, akamsikiliza hadi akatulia. Kazi hii haikuwa na kitabu, wala haikupaswa kuwa nacho, maana siri ya mtoto si mali ya daftari. Hata hivyo, kukosekana kwa kumbukumbu kumewafanya wengi waamini kwamba kuiangalia afya ya akili ya wanafunzi ni jambo geni, lililoletwa juzi na semina na miongozo. Mhadhara huu unaipinga dhana hiyo. Unaonyesha kwamba katika mwambao wa Ziwa Victoria kazi ya kusikiliza ina historia ndefu, na kwamba swali lake kuu limekuwa lilelile: je, anayesikiliza ndiye pia anayeadhibu? Pale ambapo sikio na fimbo vilitenganishwa, mtoto alisema. Pale vilipounganishwa katika mtu mmoja, alinyamaza.

Neno na jamaa zake

Ni vyema kuanza na lugha. Kiswahili kina majina mawili makuu ya mtu anayesimama mbele ya mtoto ili amkuze. La kwanza ni mwalimu, lenye asili ya Kiarabu na udugu na maneno elimu, ilmu na taalimu. La pili ni mlezi, neno la Kibantu litokanalo na kitenzi lea. Wanaisimu watatambua kwamba katika kitenzi hiki Kiswahili kimepoteza konsonanti ya kati, ambayo lugha jirani zimeihifadhi. Waganda, kaskazini ya ziwa, husema kulera. Konsonanti hiyo iliyopotea haikufa kabisa. Hujitokeza tena katika lelewa, na hugeuka z katika mlezi na malezi. Mwalimu, basi, hufafanuliwa na kile anachokijua. Mlezi hufafanuliwa na yule anayembeba.

Kitenzi hiki kina pia hali ya kutendana: kuleana. Si bahati nasibu kwamba kituo cha haki za watoto kilichoanzishwa mjini Mwanza mwanzoni mwa miaka ya 1990, kwa ajili ya watoto waliokuwa wakiishi mitaani, kilijiita Kuleana. Jina hilo lilibeba hoja nzima: kwamba malezi si amri itokayo juu kwenda chini, bali ni tendo la pande mbili, ambamo mtoto naye ana sauti. Mwishoni mwa muongo huo kituo hicho kilikuwa miongoni mwa waliohoji hadharani faida ya viboko shuleni, katika nchi ambayo methali ya "mchelea mwana kulia hulia yeye" ilikuwa ikitajwa kama kwamba ni kifungu cha sheria.

Upande wa maradhi yenyewe, msamiati wa shule umekuwa mkali kuliko msamiati wa nyumbani. Nyumbani husemwa kwamba mtoto "ana mawazo", na msikilizaji huelewa mara moja kwamba mawazo hayo si fikra za kawaida bali ni mzigo. Husemwa kwamba moyo wake ni mzito, au kwamba anasononeka. Kutokana na kitenzi hicho jina sonona limekuja kutumiwa na wataalamu kwa maradhi ya huzuni ya kudumu. Shuleni mtoto huyohuyo huitwa mtoro, mzembe, mkaidi au jeuri. Maneno ya nyumbani hutaja hali. Maneno ya shule hutaja kosa. Mtoto asiyelala usiku kwa hofu akasinzia darasani huingia katika kumbukumbu za shule kwa jina la uvivu, na jina hilo ndilo linaloamua atapelekwa kwa nani.

Kabla ya shule, na ndani ya seminari

Katika jamii za mwambao, Wasukuma, Wakerewe, Wajita, Wahaya na wengineo, malezi hayakuwa kazi ya mtu mmoja. Baba alikuwa na mamlaka ya kukemea. Babu na bibi walikuwa na utani na wajukuu wao. Mjukuu aliweza kumwambia bibi jambo ambalo asingethubutu kulitamka mbele ya baba, na bibi aliweza kulifikisha kwa baba baada ya kulipoza. Shangazi naye alikuwa na nafasi yake kwa wasichana. Aniceti Kitereza, mwana wa Ukerewe aliyemaliza kuandika riwaya yake kubwa kwa Kikerewe mwaka 1945 na kuitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, ameyahifadhi maisha ya aina hiyo kwa undani: huzuni ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka kwa kukosa mtoto si siri ya watu wawili, bali ni jambo linalopitia kwa wakwe, majirani na mganga, kila mmoja akiwa na sehemu yake. Tafsiri hiyo ilichapwa na Tanzania Publishing House karibu na mwaka wa kifo chake, 1981. Si lazima kuyapamba maisha hayo. Yalikuwa na ukatili wake pia. Muhimu ni kwamba yaligawa kazi. Aliyeadhibu na aliyefariji walikuwa watu tofauti.

Wamisionari walipofika kusini mwa ziwa katika miaka ya 1870, na misheni ya Bukumbi ilipoanzishwa mwaka 1883, neno mwalimu lilipata maana mpya. Mwalimu wa kwanza wa vijiji vingi alikuwa katekista, mtu aliyefundisha kusoma, kusali na kuishi. Mamlaka yote matatu yalikaa kwake, na heshima ya neno hilo ikakua kwa kiasi ambacho, baadaye, mwana wa Butiama aliyeanza shule huko Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, aliliongoza taifa zima akiitwa kwa jina hilo tu: Mwalimu.

Hata hivyo, mapokeo hayohayo ya Kanisa yalikuwa na sehemu moja ambamo kazi ziligawanywa kwa makusudi. Sheria za Kanisa Katoliki za mwaka 1917 ziliagiza kila seminari iwe na gombera wa kusimamia nidhamu na, mbali naye, mlezi wa kiroho na waungamishi. Zaidi ya hayo, zilimkataza gombera kuwaungamisha wanafunzi waishio naye nyumba moja, isipokuwa mwanafunzi aombe mwenyewe kwa sababu nzito na ya dharura. Sababu yake ni wazi: kijana hawezi kuufungua moyo wake mbele ya mtu ambaye kesho ataamua kama abaki au afukuzwe. Seminari za ukanda wa ziwa, ikiwemo ya Nyegezi nje kidogo ya mji wa Mwanza, ziliendeshwa chini ya sheria hizo. Shule za serikali zilirithi kutoka katika misheni kengele, bweni, sare na fimbo. Mgawanyo huu hazikuurithi.

Mwanafunzi katika riwaya za Kezilahabi

Miongoni mwa vijana waliopitia Nyegezi alikuwamo Euphrase Kezilahabi, aliyezaliwa Namagondo, Ukerewe, mwaka 1944. Alihitimu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1970, akafundisha sekondari, kisha akawa mwalimu wa vyuo vikuu hadi karibu na mwisho wa maisha yake. Alifariki mwezi Januari 2020. Wahakiki wamemjadili sana kama mwanafalsafa na mwanamapinduzi wa ushairi. Ni mara chache anapotazamwa kama shahidi wa hali ya wanafunzi, ingawa riwaya zake mbili za mwanzo zina wanafunzi katika kiini chake, na zote mbili huishia kwa kijana kujiua.

Katika Rosa Mistika, iliyotoka mwaka 1971, Zakaria anampiga vibaya bintiye kwa sababu ya barua ya mvulana. Rosa anatoka Ukerewe kwenda sekondari ya wasichana mjini Mwanza, na kisha chuo cha ualimu Morogoro, akiwa amejifunza jambo moja kuhusu wakubwa: kwamba kinachojulikana huadhibiwa. Chuoni, mtu mwenye dhamana ya kumlinda, mkuu wa chuo mwenyewe, anamfanya mpenzi. Msomaji anayetafuta katika riwaya nzima mtu mzima mmoja ambaye Rosa angeweza kumwambia ukweli bila kupigwa, kutumiwa au kudharauliwa, atamtafuta kwa taabu. Hilo ni zaidi ya mkasa wa mhusika mmoja. Ni maelezo ya mfumo. Sikio zima limemezwa na fimbo, au na tamaa.

Kichwamaji, ya mwaka 1974, inampeleka msomaji kwa mwanafunzi wa chuo kikuu, Kazimoto, anayerudi nyumbani ukanda wa ziwa akiwa na elimu nyingi na bila mtu wa kuzungumza naye. Jina la riwaya lenyewe lafaa kuangaliwa. Katika mazungumzo ya kawaida "kichwa maji" ni tusi: mtu asiye na akili timamu, asiyesikia la mtu. Mwandishi amelichukua tusi hilo na kulifanya kuwa maradhi halisi, mtoto anayezaliwa na kichwa kikubwa kupita kiasi, kisha akalifanya kuwa hali ya kizazi kizima cha wasomi. Kile ambacho jamii ilikiita ukaidi, yeye alikiandika kama uchungu. Ikumbukwe kwamba wakati huo Kanuni ya Adhabu, sheria ya tangu enzi ya ukoloni, ililihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Kijana aliyenusurika alikuwa, kisheria, mkosaji kabla ya kuwa mgonjwa.

Mapokezi ya Rosa Mistika ni sehemu ya historia hii. Kwa muda riwaya hiyo ilipigwa marufuku shuleni, kwa hofu kwamba ingeharibu maadili. Baadaye ilikubaliwa, na wanafunzi wa sekondari wakaisoma darasani. Katika hatua ya kwanza, shule iliufanyia ushahidi wa Kezilahabi kile ambacho Zakaria aliifanyia barua. Katika hatua ya pili, bila kukusudia, ilipata chombo. Darasa linaloulizwa kwa nini Rosa hakumwambia mtu linaweza kujibu swali hilo kwa niaba ya Rosa, na aliyemo darasani mwenye siri kama yake anaweza kusema bila kujitaja.

Walezi wa Mwanza, 1996

Mwaka 1974 viongozi wa nchi walikutana mjini Musoma, kando ya ziwa, na kuazimia kwamba elimu ya msingi kwa wote ifikiwe mapema kuliko ilivyopangwa. Azimio la Musoma liliwaingiza watoto wengi shuleni, na kwa ajili yao maelfu ya vijana waliomaliza darasa la saba walifunzwa ualimu kwa njia ya mkato. Idadi ya walimu iliongezeka. Muda wa kila mwalimu kwa kila mtoto haukuongezeka. Tangu miaka ya 1980 wizara ilitambua kazi ya ushauri katika sekondari, lakini kazi hiyo ilielekea zaidi kwenye uchaguzi wa masomo na ajira.

Kilichobadili hali ni UKIMWI. Wagonjwa wa kwanza nchini walitambuliwa Kagera, magharibi ya ziwa, mwaka 1983. Katika miaka iliyofuata shule za Bukoba na Muleba, na kisha za Mwanza, zilijaa watoto waliokuwa wakiuguza na kuzika wazazi wao. Msamiati nao ulibadilika. Ushauri nasaha, maneno yaliyokuwa na harufu ya msikiti na ya baraza la wazee, yakawa jina la huduma itolewayo na mtu aliyefunzwa, kwa faragha na kwa kutunza siri. Lugha ilikuwa imeanza kutambua kwamba kusikiliza ni taaluma.

Katika mazingira hayo, mwaka 1996, ulianzishwa mpango ambao wanahistoria wa elimu hawajaupa uzito unaostahili. Katika shule za msingi 185 za wilaya mbili za Mkoa wa Mwanza, walimu wenyewe walimchagua mwenzao mmoja wa kike awe mlezi wa wasichana. Kazi yake ilikuwa kuwasaidia wanapobughudhiwa au kushambuliwa kingono, na kuwashauri. Neno lililotumika halikuwa mnasihi wala mshauri. Lilikuwa mlezi, neno la nyumbani, likirudi shuleni kwa lango la mbele.

Tathmini iliyochapishwa mwaka 1998 ilionyesha mambo mawili yanayovutana. Upande mmoja, zaidi ya nusu ya wasichana waliohojiwa katika shule zenye walezi walisema wangemwendea mlezi iwapo wangebughudhiwa; na jambo lililokuwa likinong'onwa, la baadhi ya walimu kuwatumia wanafunzi, lilianza kujadiliwa hadharani. Upande mwingine, wengi wa walimu, walezi wakiwamo, waliendelea kuwa na msimamo mkali kuhusu wasichana wenye mahusiano.

Mvutano huo haukutokana na ubaya wa moyo. Mlezi alibaki kuwa mwalimu wa zamu. Alikuwa chini ya mkuu wa shule yuleyule, katika shule ambayo msichana aliyegundulika kuwa mjamzito alifukuzwa. Akimsikiliza msichana na kunyamaza, alikuwa anaficha kosa. Akisema, alikuwa amemwangamiza aliyemwamini. Mpango uliwapa shule sikio jema, lakini ukaliweka katika mkono ulioshika fimbo. Kwamba zaidi ya nusu ya wasichana walikuwa tayari kuliamini hata hivyo, yaonyesha jinsi walivyokuwa na njaa ya kusikilizwa.

Kutoka 2007 hadi leo

Jaribu zito zaidi lilikuja pale mauaji ya watu wenye ualbino yalipoenea katika mikoa ya ziwa kuanzia mwaka 2007. Watoto waliondolewa vijijini na kupelekwa katika shule zilizoweza kuwalinda, mojawapo ikiwa Shule ya Msingi Mitindo, wilayani Misungwi, kusini mwa jiji la Mwanza. Hapo walimu, matroni na patroni walijikuta wakilea usiku na mchana watoto waliojua kwamba viungo vyao vinawindwa kwa fedha, na ambao wengine hawakuweza kurudi nyumbani hata wakati wa likizo. Ukuta ulimlinda mtoto dhidi ya panga; haukumlinda dhidi ya ndoto za panga, wala dhidi ya upweke wa kutengwa na mama. Katika hali kama hiyo tofauti ya mwalimu na mlezi haikuwa mjadala wa msamiati. Aliyekuwa akimtuliza mtoto saa nane za usiku ndiye aliyekuwa, kwa vitendo, huduma yake ya afya ya akili.

Sheria nazo zimesogea. Sheria ya Afya ya Akili ilitungwa mwaka 2008. Mwezi Novemba 2021 wizara ilitoa waraka wa kuwaruhusu wanafunzi waliokatiza masomo, wakiwamo wasichana waliojifungua, kurejea katika shule za mfumo rasmi. Waraka huo haukutaja walezi wa 1996, lakini uliondoa sehemu kubwa ya mtego uliowanasa, kwa kuwa ujauzito uliacha kuwa mwisho wa shule. Mjini Mwanza Hospitali ya Bugando, iliyofunguliwa mwaka 1971, ina madaktari wa magonjwa ya akili, kwa hiyo mwalimu anayetambua kwamba tatizo limepita uwezo wake ana mahali pa kumpeleka mtoto. Kwa mwalimu wa Ukara au wa visiwa vya Sengerema safari hiyo ingali ndefu.

Hitimisho

Mapitio haya yanaleta funzo ambalo halihitaji bajeti kubwa. Familia za mwambao, sheria za seminari na wasichana wa shule 185 wametoa ushahidi unaofanana, ingawa hawakushauriana: moyo hufunguliwa mbele ya mtu asiye na mamlaka ya kuuadhibu. Kwa hiyo, mwalimu anayeteuliwa kuwa mlezi hapaswi kuwa mwalimu wa nidhamu, wala kukaa katika kikao kinachoamua adhabu ya aliyemsikiliza. Siri anayopewa ina mipaka, hasa pale uhai unapokuwa hatarini. Lakini mipaka hiyo yafaa mwanafunzi aielezwe kabla hajasema, si baada. Wala mlezi si daktari. Kazi yake ni kutambua, kusikiliza na kumfikisha mtoto kwa anayeweza zaidi.

Kwa wanafunzi na wataalamu wa Kiswahili iko kazi mahususi. Msamiati wa shule unaotaja makosa umekamilika. Ule unaotaja hali bado umetawanyika katika mazungumzo ya nyumbani, katika Kisukuma, Kikerewe, Kijita na Kihaya, na katika riwaya. Kuukusanya, kuupima maana na kuuingiza katika mafunzo ya ualimu ni utafiti wa lugha, na ni huduma kwa watoto. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Mtoto huyaficha maradhi yake anapoona kwamba njia pekee ya kuyataja inapita katika kitabu cha adhabu. Mwalimu anayelijua neno jingine la kumwita, mbali na mtoro na mkaidi, amekwisha kumfungulia njia ya pili.